Kanuni Rasmi za Gofu ya Visahani: Tathmini ya Vifungu vya Kisahani Kilichopotea na Kilichotoka Nje ya Mipaka

Kanuni Rasmi za Gofu ya Visahani hutolewa na PDGA (Professional Disc Golf Association), chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1976 na Ed Headrick, yuleyule aliyebuni kikapu chenye minyororo ambacho leo ndicho shabaha ya kila shimo, yaani kila sehemu ya uwanja inayoanzia mahali pa kutupia na kuishia kikapuni. Ni kitabu chembamba, kinasomeka bure kwenye tovuti ya chama hicho, na mashindano yanayoidhinishwa na chama huchezwa kwa kukifuata. Tathmini hii haikigusi chote. Nimechagua vifungu viwili ambavyo wachezaji huvihitaji katikati ya mchezo, tena kwa haraka, navyo ni 805.03 kinachohusu kisahani kilichopotea na 806.02 kinachohusu kisahani kilichotoka nje ya mipaka, pamoja na vile vinavyovizunguka. Naamini hapo ndipo ubora wa kitabu kizima unapoonekana, na hapo hapo ndipo upungufu wake mkubwa ulipo.

Kwa msomaji ambaye mchezo huu ni mgeni kwake, inatosha kujua kwamba mchezaji hutupa kisahani kutoka mahali pa kuanzia, kisha mtupo unaofuata hufanywa kutoka pale kilipotua, hivyo hivyo mpaka kiingie kikapuni, na aliyetumia mitupo michache zaidi ndiye mshindi. Mahali pa kutupia ni padogo sana, kwani kanuni zinapahesabu kuwa mstatili wenye upana wa sentimita 20 na kina cha sentimita 30, ulio nyuma ya alama inayoonyesha kisahani kilipotua, kwenye mstari unaoelekea kikapuni. Mchezo wote umesimama juu ya swali moja, kwamba kisahani kimelala wapi, na ndiyo maana kisahani kisichoonekana, au kilicholala pasiporuhusiwa, kinahitaji kanuni iliyoandikwa kwa uangalifu kuliko jambo lingine lolote uwanjani.

Nianze na mipaka, kwa kuwa hapa kitabu kimefanya kazi nzuri. Eneo lililo nje ya mipaka ni lile ambalo mkurugenzi wa mashindano ametangaza kwamba mtu haruhusiwi kutupa kutoka humo wala kukanyaga humo wakati wa kutupa. Linaweza kuwa bwawa, barabara, ua wa nyumba ya watu, au kipande cha nyasi kilichozungushiwa kamba tu. Kisahani huhesabiwa kuwa nje ikiwa tu kimezungukwa na eneo hilo kikamilifu na bila shaka yoyote, na mstari wenyewe ni sehemu ya eneo la nje. Maneno hayo machache yanatatua mabishano mengi. Piga goti kando ya kamba iliyolazwa kwenye nyasi, utazame kisahani ambacho sehemu yake kubwa imevuka upande wa pili. Ikiwa ukingo wake unachungulia upande wa ndani wa kamba, hata kwa upana wa kucha, kisahani hicho kiko ndani na mchezaji hana adhabu. Ikiwa ukingo unagusa kamba lakini hauipiti, kiko nje, kwa sababu kamba nayo ni nje. Hakuna haja ya kukadiria kisahani kimelalia zaidi upande gani, wala ya kuuliza kilielekea wapi kabla ya kusimama; unatazama ukingo mmoja na mstari mmoja, basi.

Kisahani kilichonasa juu ya tawi, au kilichoegemea gogo lililolala juu ya maji, nacho hakileti utata, kwa maana nafasi yake huhesabiwa kwenye uso wa uwanja ulio chini yake moja kwa moja. Maji yanayotembea pia yamefikiriwa. Kisahani kilichoangukia mtoni huhesabiwa kuwa kimetulia mara tu kinapokuwa hakisogei tena kwa nguvu ya mtupo bali kwa mwendo wa maji peke yake. Kwa hiyo mkondo hauwezi kumwokoa mchezaji kwa kukipeleka kisahani chake ufukweni mita kadhaa mbele, na vilevile hauwezi kumzidishia hasara. Napenda namna kanuni hii ilivyokata shauri mapema, kwa sababu bila hiyo watu wangekuwa wakikimbia kandokando ya mto wakisubiri kuona kisahani kitakwama wapi.

Adhabu ya kutoka nje ni mtupo mmoja unaoongezwa kwenye hesabu, kisha mchezaji huchagua mahali pa kuendelea. Anaweza kurudi alipotupia, au kuweka alama yake ndani ya uwanja karibu na pale kisahani kilipokuwa ndani kwa mara ya mwisho, kwa umbali usiozidi mita moja kutoka kwenye mstari, au kwenda eneo maalumu la kutupia ikiwa mkurugenzi ameliweka. Mkurugenzi anaweza kupunguza machaguo hayo kwa sharti maalumu la shimo fulani. Mita hiyo moja ina hekima ndani yake. Mtu aliyelazimika kuweka alama mstarini kabisa asingepata pa kukanyaga, kwa kuwa mguu wake ungekuwa nje. Mita moja inampa nafasi ya kusimama, na hata kupiga hatua ya kawaida ya mtupo. Nafuu hiyo hiyo hutolewa kwa kisahani kilichotua ndani lakini karibu sana na mstari, tena bila adhabu, hata kama kuisogeza alama kutoka mstarini kunaisogeza karibu kidogo na kikapu. Wapo wanaoliona hilo kuwa zawadi isiyostahili. Mimi naliona kuwa ni bei ndogo ya kuwa na kanuni moja inayopimwa kwa namna ileile kila mahali, badala ya kuingiza suala la umbali wa kikapu katika kila kipimo cha mita moja.

Ugumu wa kifungu hiki haumo katika kujua kisahani kiko nje au ndani, bali katika kujua kilikuwa ndani mwisho wapi. Kisahani hakiendi kama jiwe. Mtu anayetumia mkono wa kulia kwa mtupo wa kawaida wa kukunjua mkono kutoka kifuani hukizungusha kuelekea upande wa mwendo wa saa, na kasi inapopungua kisahani hupinda kushoto. Bwawa likiwa upande huo, kisahani kinaweza kuvuka ukingo mapema, kikasafiri juu ya maji kwa umbali mrefu sambamba na ufuko, kisha kikazama mbele sana. Macho yote huwa yamekaza pale maji yaliporuka, wakati kanuni inauliza pale kilipovuka, ambapo pengine hakuna aliyekuwa akitazama. Tofauti ya sehemu hizo mbili yaweza kuwa nusu ya urefu wa shimo. Kitabu kinaliachia kundi la wachezaji kuamua kwa wingi wa kauli, na kundi likishindwa kupata wingi, anayepewa faida ya shaka ni aliyetupa. Sioni njia nyingine ambayo ingefaa zaidi kwa mchezo ambao kwa kawaida hauna mwamuzi anayetembea na kila kundi. Hata hivyo kundi linaloelewa kanuni hii hupanga mambo kabla ya mtupo, yaani mtu mmoja anasogea mbele akasimama sambamba na ukingo, na kazi yake ni kutazama mstari na si kutazama uzuri wa mtupo.

Lipo jambo moja hapa ambalo wachezaji wengi hulikosa. Kisahani kinachopita hewani juu ya eneo la ndani kimekuwa ndani, hata kama hakikugusa ardhi. Katika shimo la kisiwa, ambapo kikapu kimezungukwa na eneo la nje pande zote, kisahani kinachopita juu ya kisiwa na kuangukia ng'ambo kilikuwa ndani mara ya mwisho kwenye ukingo wa mbali wa kisiwa, na kwa kanuni ya kawaida mchezaji angeendelea kutoka hapo, hatua chache tu kutoka kikapuni. Mkurugenzi ambaye hataki iwe hivyo ni lazima aseme mapema kwamba asiyetua kisiwani arudie au aende eneo maalumu la kutupia. Kitabu kinampa uwezo huo, lakini hakimzindui kwa msisitizo unaotosha, na matokeo yake ni kwamba mashimo ya namna hii huzua maswali hata pale ambapo waandaaji ni watu makini.

Sasa kisahani kilichopotea. Kifungu chake ni kifupi na kikali. Muda wa kutafuta ni dakika tatu, na mchezaji yeyote wa kundi, au ofisa, anaweza kuanza kuhesabu, ilimradi awajulishe wenzake kwamba saa imeanza. Kundi lote linatakiwa kusaidia kutafuta, na anayekataa anakuwa amevunja kanuni ya adabu ya mchezo, ambayo mara ya kwanza huleta onyo na mara inayofuata huleta mtupo wa adhabu. Dakika tatu zikiisha bila kisahani kuonekana, aliyetupa huongezewa mtupo mmoja na kurudi alipotupia, isipokuwa kama pametengwa eneo maalumu la kutupia kwa ajili hiyo. Wanaojua gofu ya mpira watatambua muundo huo, kwa maana huko pia muda wa kutafuta mpira ulipunguzwa kutoka dakika tano hadi tatu katika kanuni zilizoanza mwaka 2019, na huko pia mpira uliopotea humrudisha mchezaji alipopigia pamoja na adhabu.

Lakini kuna tofauti kubwa ambayo msomaji anapaswa kuishika, kwani ndiyo inayozaa matatizo yote nitakayoyaeleza. Katika gofu ya mpira, mpira uliopotea na mpira uliotoka nje ya uwanja hutendewa sawasawa. Vyote viwili vinamrudisha mtu nyuma. Katika gofu ya visahani, aliyetoka nje haadhibiwi kwa umbali, aliyepoteza anaadhibiwa. Chukua mtu anayetupa mtupo wake wa kwanza katika shimo refu, na kisahani kikavuka mpaka theluthi mbili ya njia kuelekea kikapuni. Akiwa nje ya mipaka, anatupa mtupo wake wa tatu kutoka pale theluthi mbili. Akiwa amepoteza, anatupa mtupo wake wa tatu kutoka mwanzo kabisa. Adhabu iliyoandikwa ni ileile, mtupo mmoja, ila hasara halisi ya huyu wa pili inakaribia mitupo miwili, na katika shimo lenye msitu mzito inaweza kuwa zaidi, kwa sababu atalazimika kuipita tena njia ileile iliyommezea kisahani.

Je, ukali huo ni wa haki? Nimelitafakari swali hili mara nyingi, na jibu langu ni ndiyo. Kisahani kilichopotea hakina mahali. Kama kanuni ingeruhusu mchezaji aendelee kutoka pale wanapodhani kimepotelea, kila kichaka kingekuwa na makadirio yake, na makadirio hayo yangeelekea mbele daima, maana hakuna mtu anayekumbuka mtupo wake kuwa mfupi kuliko ulivyokuwa. Kurudi alipotupia ndiyo sehemu pekee ambayo kila mtu anaijua kwa hakika. Kanuni inakataa kujenga juu ya kisichojulikana, na mimi naiheshimu kwa hilo, hata kama naona huzuni ya mtu anayerudi peke yake mpaka mwanzo huku kundi zima likimsubiri.

Ukichanganya vifungu hivi viwili, unafika pale panapohitaji uamuzi mgumu kuliko pote. Kisahani kimekwenda upande wa bwawa, bwawa ni nje ya mipaka, lakini kati ya njia na maji kuna ukanda wa matete na nyasi ndefu ambao ni ndani. Maji ni ya matope, na visahani vingi vya mchezo huu huzama. Hakuna kinachoonekana. Ikiwa kimezama bwawani, mchezaji anaendelea kutoka pale kilipovuka; ikiwa kimelala katika matete, amekipoteza na anarudi mwanzo. Kwa hiyo kisahani kilichoingia mahali pabaya zaidi kina matokeo mazuri kuliko kile kilichobaki ndani ya uwanja, na kila mchezaji aliyesimama pale ukingoni anajua ni jibu gani lina faida kwake.

Kitabu kinajibu kwa kanuni ya ushahidi. Kisahani kisichopatikana huhesabiwa kuwa nje ya mipaka iwapo tu kuna ushahidi wa kuridhisha kwamba kilitulia katika eneo la nje. Pasipo ushahidi huo, kimepotea. Huu ndio msumari unaoshikilia vifungu vyote viwili, na ninaupongeza bila kusita kwa namna ulivyopigiliwa. Mzigo wa kuthibitisha umewekwa upande unaostahili. Mchezaji haanzi kwa kudhaniwa kuwa bwawani mpaka ithibitishwe vingine. Anaanza kwa kudhaniwa kuwa amepoteza, na anayetaka nafuu ya bwawa ndiye anayepaswa kueleza kwa nini. Wakati huohuo, kanuni haimtaki alete kisahani chenye kutiririka maji mkononi. Ikiwa watu wawili wa kundi waliona maji yakiruka, au kama upande wote wa ndani ni nyasi fupi zilizokatwa ambamo kisahani hakiwezi kujificha, basi hata bila kukiona tunajua kilipo.

Ninacholalamikia ni kwamba kitabu kimesimama hapo. Ushahidi wa kuridhisha ni kiasi gani? Mlio wa maji uliosikiwa na mtu mmoja, bila aliyeona, unatosha? Mtu aliyekiona kikishuka kwa pembe ya kuelekea majini lakini akakipoteza machoni nyuma ya mti, ameona au hakuona? Gofu ya mpira ina swali linalofanana na hili kwa mipira iliyoingia katika maeneo ya adhabu kama mabwawa, na kanuni zake zinaeleza kwamba jambo liwe linajulikana au liwe karibu na hakika, zikifafanua kuwa karibu na hakika ni uwezekano usiopungua asilimia 95. Sisemi kwamba wachezaji watapima asilimia wakiwa wamesimama kwenye tope. Nasema kwamba kipimo cha namna hiyo kinamwambia mtu kwamba kudhani tu hakutoshi, na kwamba "pengine kimezama" si sawa na "hakina pengine pa kuwa". Kanuni za visahani zingeongeza sentensi moja au mifano miwili ndani ya kifungu chenyewe, makundi mengi yangefikia uamuzi bila kuangaliana kwa mashaka.

Athari ya pengo hilo nimeiona uwanjani. Kundi lenye watu wapole huelekea kumpa mwenzao bwawa karibu kila mara, kwa kuwa hakuna anayetaka kuwa sauti inayomrudisha mwenzake mita mia nyuma. Kundi jingine siku hiyohiyo, shimo lilelile, linashikilia kwamba bila kuona maji yakiruka hakuna bwawa. Wote wawili wanaweza kukinukuu kifungu kilekile. Katika mashindano ambayo nafasi hutenganishwa na mtupo mmoja, tofauti hiyo haivumiliki. Kanuni ya kumpa aliyetupa faida ya shaka, ambayo nimeitaja hapo juu, nayo huvutwa mahali isipostahili. Watu husema, tunashuku, basi tumpe bwawa. Kwa usomaji wangu hiyo ni kupindua mambo. Faida ya shaka inahusu kundi lililogawanyika bila kupata wingi wa kauli juu ya uamuzi. Haiwezi kugeuka kuwa ushahidi wa kisahani ambacho hakuna aliyekiona kikiingia majini. Kitabu kingelisema hilo wazi, kingeokoa urafiki wa watu wengi.

Dawa bora ambayo kitabu kinayo tayari ni mtupo wa akiba, ulioelezwa katika kifungu cha 809.02, nao nauhesabu miongoni mwa mambo yaliyobuniwa vizuri kabisa humu. Mchezaji anayehofia kwamba kisahani chake kimepotea au kimetoka anatangaza kwamba anatupa mtupo wa akiba, anatupa kingine kutoka palepale, kisha kundi lote linakwenda mbele. Cha kwanza kikipatikana kimelala vizuri, cha akiba hakihesabiwi. Kikikosekana, hakuna safari ya kurudi, kwa kuwa mtupo wa kurudia umekwisha kufanyika. Sharti kuu ni kutangaza kabla ya kutupa, na sharti hilo lina maana, kwa sababu mtu anayetupa kimya halafu akachagua baadaye mtupo gani ulikuwa wa kweli anacheza mchezo mwingine. Inasikitisha kwamba wengi huuona mtupo wa akiba kama kukiri kushindwa, kwa hiyo huacha kuutumia, na makundi ya nyuma hujipanga yakisubiri. Laiti kifungu cha 805.03 kingeurejelea ndani yake, pale pale ambapo mtu mwenye wasiwasi anasoma.

Kuna kifungu kingine kidogo kinachohusu mikono. Hali ya kisahani kilicho karibu na mstari ikiwa bado haijaamuliwa, na aliyetupa akakiokota, kisahani hicho huhesabiwa kuwa nje. Akikiokota mtu mwingine, huhesabiwa kuwa ndani. Ni kanuni ya haki kwa pande zote, kwani kila upande unabeba matokeo ya haraka yake, na haimtaki mtu yeyote athibitishe nia ya mwenzake. Mchezaji mgeni anapaswa kuijua hii kabla ya nyingine zote, maana mazoea ya kuinama na kuokota kilicho chako ni ya haraka kuliko fikra.

Upande wa kisahani kilichopotea una rehema yake pia, nayo haijulikani sana. Ikigundulika kabla ya mashindano kuisha kwamba kisahani kilichotangazwa kupotea kilikuwa kimeondolewa au kuchukuliwa, mitupo miwili hupunguzwa kutoka hesabu ya mchezaji katika shimo hilo. Ni miwili kwa sababu alipoteza miwili, yaani ule wa adhabu na ule wa kurudia. Katika viwanja vya wazi ambavyo watu wengine hupita wakitembea na mbwa au wakicheza na watoto, jambo hili hutokea, na kisahani chenye rangi kali kando ya njia humvutia mpita njia asiyejua kwamba kuna mchezo unaoendelea. Kanuni haikulazimika kumkumbuka mchezaji huyo, ila imemkumbuka, tena kwa hesabu kamili na bila kumtaka aombe.

Inafaa kusema pia kwamba matatizo mengi ninayoyahusisha na vifungu hivi hutengenezwa na anayechora uwanja. Kitabu kinampa mkurugenzi vifaa vya kutosha. Eneo linaweza kutangazwa kuwa la nafuu, ambamo mchezaji hutoka bila adhabu. Linaweza kutangazwa kuwa la hatari, ambamo huongezewa mtupo mmoja lakini hucheza kutoka pale kisahani kilipolala. Na linaweza kuwekewa eneo maalumu la kutupia, ambalo huondoa mabishano ya kilivuka wapi. Mashindano ya United States Disc Golf Championship, yaliyoanza mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Winthrop huko Rock Hill, South Carolina, yamejulikana kwa kamba za njano zinazotandazwa juu ya nyasi za kawaida kuwa mpaka. Wapo wasiozipenda, wakisema adhabu haina sababu ya asili. Lakini kwa mizani ya tathmini hii, kamba juu ya nyasi fupi ni mpaka bora kupita yote, kwa sababu kisahani kinaonekana, mstari unaonekana, na swali la kupotea halizuki kamwe. Mpaka mbaya kupita yote ni ufuko wenye matete ambao haukuwekewa alama, ambapo hata maji yanaanzia wapi hutegemea mvua ya juzi. Mkurugenzi anayeacha ufuko wa namna hiyo bila vigingi amelikabidhi kundi kazi ambayo ni yake.

Kuhusu umbo la kitabu chenyewe, namba za vifungu ni rahisi kushika, sentensi ni fupi, na kila jambo lina makao yake. Ubaya wa mpangilio huo ni kwamba tukio moja la uwanjani hugawanywa katika vifungu kadhaa. Mtu aliyesimama ukingoni mwa bwawa anahitaji 806.02 kwa mipaka, 805.03 kwa kupotea, 802.06 kwa kuweka alama na 809.02 kwa mtupo wa akiba, na dakika zake ni tatu. Kwenye simu, kuruka kutoka kimoja hadi kingine kunachosha, hasa jua linapopiga kwenye kioo. Sehemu ya maswali na majibu inayofuata kanuni ni nzuri sana, na kwa maoni yangu ndiyo inayopaswa kusomwa kwanza na mtu mgeni, kwa kuwa inaonyesha kanuni zikifanya kazi katika visa vinavyofanana na vya kweli. Ningependa mifano ya bwawa na matete iongezwe humo kwa wingi, ikiwa na michoro.

Ninawapendekezea vifungu hivi hata wale wasiocheza mashindano. Kundi la marafiki linalocheza kwa kujifurahisha halina haja ya kuhesabu dakika kwa saa, ila likikubaliana mapema juu ya mambo matatu, yaani mstari ni nje, kisichoonekana kimepotea mpaka pawe na sababu ya kusema vingine, na mwenye wasiwasi atupe cha akiba kabla hajaondoka, litaona mchezo unakwenda kwa kasi na mabishano yanapungua. Mengine yote yanaweza kusubiri. Kwa wale wanaosimamia mashindano nina ombi moja la ziada: katika mkutano wa wachezaji kabla ya kuanza, badala ya kusoma orodha ya mipaka ya mashimo yote 18 ambayo hakuna atakayeikumbuka, chagueni yale mashimo mawili au matatu ambayo kisahani kinaweza kutoweka karibu na mpaka, mweleze kwa kila moja ni ushahidi gani utakubaliwa na eneo la kutupia liko wapi, na mkiweza mweke mtu wa kutazama mstari kwenye shimo hilo tangu kundi la kwanza hadi la mwisho.